Tamasha la mvinyo wa barafu Niagara: ukienda, omba baridi

Mwenzenu nilifika Niagara-on-the-Lake, mji mdogo wa Ontario, Kanada, kwenye tamasha la mvinyo wa barafu, ule mvinyo mtamu wa zabibu zilizogandia mtini, Jumamosi moja ya Januari nimevaa soksi jozi mbili, glovu, kofia ya sufi na koti la kufika magotini, nikakuta mvua. Wala si theluji, mvua. Nyuzi 3 juu ya sifuri. Kaunta za barafu zilizopangwa katikati ya mtaa wa Queen, karibu na ule mnara wa saa, zilikuwa zinachuruzika maji, na majani ya mzabibu yaliyochongwa ubavuni mwake kwa ustadi yalikuwa yameshakonda yakawa kama vidole. Watu wameshika glasi mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, na hakuna mkono wa tatu wa kushikia chakula.

Niseme mapema kwa asiyependa maneno mengi: nilipenda, na nitarudi. Ila siku zangu mbili zilikuwa kama matamasha mawili tofauti, na kilichoyatenganisha ni kipimajoto.

Kazi yangu ni kuoka keki na vitamutamu jikoni kwa watu, Toronto. Sukari ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, kwa hiyo kinywaji kitamu hakinitishi wala hakinidanganyi kirahisi. Nilikwenda na wifi yangu, ambaye hanywi kabisa na ndiye aliyeshika usukani. Kutoka Toronto ni kama kilomita 130 kwa barabara ya QEW, unalizunguka Ziwa Ontario mpaka upande wa pili. Treni ya GO kutoka stesheni ya Union, Toronto, ipo, lakini inakushusha mjini Niagara Falls, na kutoka hapo mpaka kwenye mashamba bado unahitaji usafiri. Kama una wifi wa namna hii, mbembeleze.

Mambo yalivyopangwa ni hivi. Kuna sehemu ya mtaani, wikendi tu, ambapo viwanda vya mvinyo na wapishi wanaweka vibanda, unanunua tokeni na kubadilisha kwa glasi au kitafunio. Halafu kuna pasi ya kuzunguka viwandani, ambapo kila kiwanda kinakupa onjo moja la mvinyo na kitu kidogo cha kula nacho. Mtaani panachangamka: muziki, moto wa kuota, picha. Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, chukua pasi. Mtaani utakunywa, ila ukitaka kujua unakunywa nini inabidi uende shambani.

Hilo sikulijua Jumamosi. Jumamosi nilinunua tokeni, nikapanga foleni, nikapewa glasi ndogo ya Vidal, mvinyo wa barafu wa zabibu za jina hilo, na kijana aliyekuwa na haraka ya kumhudumia mtu wa nyuma yangu. Nikaonja. Shira. Shira ya embe na asali, nzito, imeganda kwenye ulimi haitaki kushuka. Tukaondoka mvuani tukaingia kwenye chumba cha kuonjea cha kiwanda kimoja, jina tuliache, na huko chupa zilikuwa zimepangwa juu ya kaunta, nyuma yake hita inawaka. Mvinyo ulikuwa na joto la chumba. Nilikunywa nusu nikaiweka glasi chini.

"Wifi, mbona umekunja uso kama mtoto aliyepewa dawa?"

Nikamwambia ni tamu mno. Akacheka mpaka watu wakageuka. "Wewe? Wewe ndiye wa kusema kitu ni kitamu mno?"

Njiani kuelekea tulikolala nikawa nawaza kitu ninachokifanya kila wiki kazini bila kukifikiria. Ukitengeneza mchanganyiko wa aiskrimu, ukauonja kabla ya kuugandisha, lazima ukukere. Lazima uwe mtamu kupita kiasi. Kwa sababu ukishaganda, ulimi uliopoa hausikii sukari sawasawa, na ule utamu unatulia mahali pake. Anayeonja mchanganyiko wa vuguvugu akasema "umezidi" atatoa aiskrimu isiyo na ladha. Nikajiuliza kama mvinyo huu mimi sikuuonja kabla haujaganda.

Usiku upepo ukageuka. Asubuhi mlango wa gari ulikuwa umeshikana na fremu, tukauvuta wawili. Nyuzi 11 chini ya sifuri, jua kali, na zile tope za jana zimekuwa mawe. Ikawa kama mtu amebadilisha mji.

Tulianzia kwenye kiwanda kidogo nje ya mji, ambapo safu chache za mizabibu zilikuwa bado hazijavunwa. Zabibu zilikuwa zinaning'inia ndani ya nyavu, za kahawia, zimekunjamana, wala hazipendezi kutazama. Mama aliyekuwa anatuzungusha, buti zake zina matope ya miaka, akapitisha kidole kwenye tundu la wavu akachuma tatu, akatupatia. Kiganjani ilikuwa ngumu kama golori. Niliiuma. Kwanza meno yanavunja barafu, na ile barafu haina ladha yoyote, ni maji matupu. Unakaribia kukata tamaa. Halafu kutoka katikati inatoka juisi chache, labda robo ya kijiko cha chai, nzito, inanata, tamu sana na chachu sana kwa pamoja, mpaka mashavu yakajivuta ndani. Nikasimama pale natafuna maganda. Wifi naye akaila ya kwake, maana ni zabibu tu, na akaomba nyingine.

Hapo nikaelewa. Maji ndiyo yanayotangulia kuganda. Sukari na uchachu vinabaki katikati vikisubiri. Mimi nikitaka shira nzito nachemsha, maji yapande hewani. Hawa wanayaacha maji yageuke barafu, kisha wanakamua zabibu ikiwa bado imeganda, juisi inatoka tone kwa tone na maji yanabaki ndani ya mashine kama vipande vya vioo. Tofauti ni kwamba moto wangu unapika ladha, unaibadilisha. Baridi haipiki kitu. Ndiyo maana unaunywa mvinyo huu na bado unasikia tunda bichi ndani yake.

Sheria ya Ontario haina mchezo. Zabibu lazima zigande zenyewe mtini, si kwenye friza. Hazivunwi mpaka baridi ifike nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi, na juisi lazima ipime angalau Brix 35, yaani katika kila gramu 100 za juisi, karibu gramu 35 ni sukari. Zabibu za mvinyo wa kawaida hupata kama 20 hadi 24. Wengi wanasubiri mpaka nyuzi 10 au 12 chini ya sifuri, na kazi hufanyika usiku kwa sababu ndipo baridi inapotulia. Jua likichomoza na kipimajoto kikaanza kupanda, wanaacha. Wakiendelea, ile barafu inayeyuka, maji yanarudi ndani ya juisi, na kazi ya miezi imeharibika.

Na kumbuka zabibu hizo zimekaa mtini tangu vuli, zabibu nyingine zilipovunwa. Zinaoza, zinadondoka, upepo unazipiga, ndege wanazila. Mwisho wa yote mkulima anapata juisi kama asilimia 15 ya ambayo angepata kama angevuna kawaida. Nilipokuwa nauliza bei mtaani nilikuwa nanuna. Shambani sikununa tena.

Tukiongea habari za ndege, tulipofika Inniskillin nilielewa kwa nini kila mtu ana nyavu. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1975 na Karl Kaiser na Donald Ziraldo. Mwaka 1983 Kaiser aliacha zabibu mtini ajaribu kutengeneza mvinyo wa barafu, ndege wakampitia wakamaliza zote. Mwaka uliofuata akatandaza nyavu, na huo wa 1984 ndio ukawa mvinyo wao wa kwanza wa barafu. Vidal wao wa 1989 ukapelekwa kwenye maonyesho ya mvinyo ya Vinexpo kule Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1991, ukarudi na tuzo ya Grand Prix d'Honneur. Kabla ya hapo watu wa mvinyo walikuwa wanaitazama Kanada kama mahali pa kununulia samaki. Hayo ya samaki ni maneno yangu.

Sasa mvinyo wenyewe. Jumapili ile nilionja wa zabibu za aina tatu, nje, karibu na moto wa kuni, glasi imepoa lakini haijawa barafu, na nitasema kila mmoja kwa jinsi nilivyousikia.

Vidal ndio utakaoukuta kila mahali, kwa sababu ganda lake ni nene na vichala vyake vinavumilia kukaa mtini mpaka katikati ya majira ya baridi. Ni uleule uliokuwa shira jana. Leo: embe, ndiyo, na aprikoti, na asali, lakini nyuma yake kuna uchachu unaokuja kukufagilia ulimi ili uwe tayari kwa tone linalofuata. Uchachu huo jana ulikuwepo pia. Joto ndilo lililoufunika.

Riesling ndio uliouteka moyo wangu. Ndimu, tufaha la kijani, na uchachu uliosimama wima kama mgongo wa mtu aliyelelewa vizuri. Sukari yake si kidogo, lakini huifikirii sukari. Nilipewa onjo moja, nikalipia la pili, na nisingekuwa na aibu ningelipia la tatu.

Cabernet Franc una rangi ya waridi inayoelekea shaba, na unanukia jemu ya stroberi ikiwa bado jikoni. Watu wanaupenda kwa rangi, wanaupiga picha. Mimi ulinichosha baada ya mafunda mawili. Ni ghali kuliko wenzake pia, kwa hiyo onja kabla hujaununua kwa ajili ya uzuri wa chupa.

Vitafunio navyo nivizungumzie kwa sababu hapo ndipo kazini kwangu. Mchanganyiko bora niliokula siku zote mbili ulikuwa jibini ya buluu, kipande kidogo chenye chumvi ya kutosha, juu ya biskuti kavu, pamoja na Vidal. Chumvi inaubana utamu, utamu unaulainisha ule ukali wa jibini, kila mmoja anamfanya mwenzake aonekane mwema. Sehemu nyingine nilipewa keki ya chokoleti yenye krimu na mchuzi wa karameli juu. Huo ni ukatili. Kitindamlo kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka kuwa siki. Kama ni lazima kitu kitamu, weka tati ya ndimu, na hata hiyo punguza sukari. Yule mpishi, popote alipo, namwombea heri.

Wifi yangu ambaye hanywi alipata huduma ya kupanda na kushuka. Sehemu moja walimletea juisi ya zabibu kwenye glasi ileile ya mvinyo, imepoa vizuri, na mhudumu akamweleza ni zabibu gani, kama anavyomweleza mnywaji. Alifurahi kuliko mimi. Sehemu nyingine walimwekea maji ya bomba kwenye kikombe cha plastiki na kumwangalia kama amepotea njia. Kwenye mioto ya nje alijipatia chokoleti ya moto na sida ya tufaha ya moto isiyo na kileo, akachoma mashimelo, zile pipi laini kama sponji, kwenye kijiti mpaka moja ikamwangukia kwenye buti. Ila asiyekunywa aulize kwanza, maana mashimelo nyingine zimetiwa mvinyo ndani, na jemu zinazouzwa madukani humo pia zimetengenezwa kwa mvinyo.

Na dereva asiyekunywa si anasa huku. Ontario, kileo kwenye damu kikifika asilimia 0.05 polisi anachukua leseni papo hapo, hata kwa kosa la kwanza, na 0.08 ni jinai. Maonjo ni madogo, lakini viwanda sita ni viwanda sita. Umri wa kunywa ni miaka 19, na wanaomba kitambulisho hata kwa sisi tulioanza kuota mvi.

Peller Estates, kiwanda kingine, wana chumba walichokijenga kwa barafu, zaidi ya tani 13, kuta na kaunta na viti, na ndani baridi ni nyuzi 10 chini ya sifuri ili iwe sawa na ya usiku wa mavuno. Wanakuvika kabuti mlangoni. Nilidhani ni kichekesho cha watalii, na ni kichekesho cha watalii kweli, lakini ni kizuri. Pua yangu ndiyo iliyogoma. Ilikufa ganzi, sikunusa kitu. Niliikumbatia glasi kwa viganja viwili kama kikombe cha chai kwa dakika mbili hivi, na harufu ikaanza kutoka, kwanza kidogo, halafu ikajaa. Basi kumbe na baridi nayo ina kipimo chake. Nyumbani, nyuzi 10 hadi 12 juu ya sifuri zinatosha: utoe kwenye friji, usubiri kidogo, mimina.

Yule mama wa buti za matope nilimwuliza kama Jumamosi za mvua zinamtia hofu. Akanyamaza kidogo, akasema kila mwaka wanakaa wakitazama kipimajoto kuanzia Desemba. Ujerumani, walikoanza mvinyo huu mwaka 1830, mavuno ya 2019 waliyakosa kabisa: hakuna mkoa hata mmoja wa mvinyo uliofikia baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri inayohitajika kwao. Nchi nzima, hata chupa moja. Nilikumbuka zile kaunta zilizokuwa zinachuruzika mtaani, na ghafla hazikunichekesha.

Ya kununua. Tafuta nembo ya VQA, inayothibitisha kuwa mvinyo umefuata sheria hizo za Ontario, na neno Icewine likiwa limeandikwa kama neno moja. Chupa ya kawaida ni ya mililita 375, nusu ya ile mnayoijua, na Vidal hupatikana kwa kama dola 50 hadi 60 za Kanada. Riesling na Cabernet Franc hupanda zaidi ya hapo. Kuna za mililita 200 na hata 50, na hizo ndogo ndizo ninazomshauri mtu anayeanza. Mililita 60 zinamtosha mtu mmoja. Ukikutana na mhudumu asiye na haraka, mwulize zabibu zilivunwa kwa baridi ya nyuzi ngapi. Atakayefurahi kuulizwa, nunua kwake.

Jambo moja nje ya mvinyo. Kurudi, msikimbilie QEW. Piteni Niagara Parkway, inayofuata mto mpaka kwenye maporomoko. Kando ya barabara hiyo, kabla ya Queenston, kuna bamba la kumbukumbu ya Chloe Cooley, mwanamke mweusi mtumwa aliyefungwa kamba na kuvushwa mto kwa nguvu tarehe 14 Machi 1793 akauzwe upande wa Marekani. Alipigana na kupiga kelele, waliomwona wakaenda kushtaki, na mwaka uleule ikapitishwa sheria ya kuzuia kuingizwa watumwa wapya katika eneo hili. Kelele zake zilisaidia wengine, yeye alishavushwa. Wifi alisimamisha gari, tukashuka. Mto pale ni mwembamba kuliko nilivyodhani.

Nilinunua chupa mbili za Riesling, nikazilaza kwenye buti ya gari nimezizungushia skafu. Tulipofika QEW niligundua miguu yangu imekufa ganzi. Wifi alikuwa amezima hita.

"Si ulisema joto linauharibu?"

Chupa iliyofungwa, safari ya saa moja na nusu, haijali. Lakini alikuwa ameendesha siku mbili nzima kwa ajili ya kinywaji asichokigusa, na alikuwa amekaa wima kwenye usukani kama anasafirisha mayai. Nikafunga koti mpaka shingoni nikanyamaza hadi Toronto.